Usiivunje Barafu kwa Nyundo

Ni saa nane ya usiku, katika mwezi wa Februari. Nje theluji imejaa mpaka magotini, na baridi imeshuka hata digrii 20 chini ya sifuri. Katika nyumba moja ya mbao mama anaamka, kwani mtoto wake mchanga analia. Anaigusa mikono ya mtoto: imepoa. Anatega sikio. Upepo ule wa joto uliokuwa ukivuma taratibu kutoka ukutani hausikiki tena. Anamtikisa mumewe begani.

— Baba wa watoto, amka! Mashine imenyamaza.

— Usihangaike, mama. Nakwenda kuitazama.

Baba anavaa koti na viatu vizito, anashika taa, anatoka. Pale nje, chini ya ukingo wa paa, mashine imekuwa bonge moja la barafu. Feni yake haizunguki, na mapezi yake membamba hayaonekani tena. Baba anarudi ndani kutafuta kitu kigumu cha kubomolea barafu hiyo. Anakiona: ni nyundo.

Tumwache kidogo pale mlangoni, nyundo mkononi, nasi tujiulize: je, anakwenda kutengeneza au kuharibu? Jamaa hii ni ya mfano tu, lakini jambo lenyewe hutokea kila mwaka katika nchi za baridi, na mara nyingi nyundo hushinda akili. Hasara yake ni fedha nyingi, na pengine ni zaidi ya fedha.

Jambo hili latuhusu

Msomaji mmoja atasema: «Sisi tunaokaa kando ya ziwa la Tanganyika, au katika jua la Katanga, theluji yatuhusu nini?» Yatuhusu kweli. Siku hizi jamaa nyingi za kwetu zina mtoto, ndugu au shemeji aliyehamia nchi za baridi. Tutwae mfano wa jimbo la Maine, lililo katika pembe ya kaskazini-mashariki ya Marekani. Katika mwezi wa Juni 2019 mamia ya watu, wengi wao wenyeji wa Kongo na Angola, walifika katika mji wa Portland wa jimbo hilo, wakalazwa kwanza katika jumba kubwa la michezo, wazazi kwa watoto. Walifika wakati wa joto. Baada ya miezi michache tu walikutana na baridi ambayo hawajapata kuiona tangu kuzaliwa.

Tangu zamani watu wa Maine hupasha nyumba zao joto kwa mafuta ya petroli kuliko watu wa jimbo lo lote jingine la Marekani. Mafuta hayo ni ghali, na bei yake hupanda na kushuka. Kwa sababu hiyo, mwaka 2019 serikali ya jimbo ilijiwekea shabaha ya kutia pampu za joto 100,000 katika nyumba za watu ifikapo mwaka 2025. Shabaha hiyo ilifikiwa mwaka 2023, miaka miwili kabla ya wakati wake. Na si Maine peke yake. Katika nchi ya Norwei zaidi ya nusu ya nyumba zina mashine hii, nayo imeenea sana katika Uswidi na Ufini.

Basi, mgeni atokaye kwetu hukuta kitu cheupe, kirefu, kimetundikwa ukutani karibu na dari, mfano wa zile mashine za kupozea hewa zilizo katika maofisi makubwa ya Lubumbashi. Hushangaa: «Mbona wameweka mashine ya baridi katika nchi ya baridi?» Na kwa kuwa hajui kazi yake, hajui pia kuitunza. Hilo ndilo tunalotaka kulieleza leo, ili ye yote aliye na ndugu huko aweze kumwambia neno la kufaa, na aliye huko mwenyewe apate msaada.

Mashine isiyowasha moto

Pampu ya joto haizai joto kama moto uzaavyo. Kazi yake ni kulihamisha. Kama mtu achotavyo maji bondeni na kuyapandisha mlimani, ndivyo mashine hii inavyochota joto lililo nje na kulipandisha ndani ya nyumba.

«Lakini nje kuna baridi kali! Hilo joto latoka wapi?» Swali jema. Lile tunaloliita baridi ni upungufu wa joto tu, wala si kukosekana kwake kabisa. Joto hukoma kabisa penye digrii 273 chini ya sifuri, na hakuna mahali po pote duniani penye baridi ya namna hiyo. Kwa hiyo hewa ya digrii 20 chini ya sifuri ingali na joto jingi ndani yake, na joto hilo laweza kuchotwa, ikiwa chombo cha kulichotea ni baridi kuliko hewa yenyewe.

Chombo hicho ni gesi ya pekee inayozunguka ndani ya mabomba ya shaba yaliyofungwa pande zote. Maji huchemka penye digrii 100, lakini nyingi za gesi hizi huchemka penye digrii kama 50 chini ya sifuri. Katika sanduku la nje gesi hiyo, ikiwa katika hali ya maji, hulegezwa na kuwa baridi kuliko hewa. Feni huvuta hewa na kuipitisha juu ya mabomba. Hewa huacha joto lake, na gesi huchemka na kuwa mvuke. Kisha mvuke huingia katika kompresa, ambayo ni moyo wa mashine, nayo huukandamiza kwa nguvu. Ye yote aliyepata kujaza upepo katika gurudumu la baisikeli ajua ya kuwa pampu yake hupata moto mkononi. Ndivyo ilivyo hapa: mvuke uliokandamizwa huwa na moto mkali. Mvuke huo hupelekwa ndani ya nyumba, feni ya pili hupitisha hewa ya chumba juu yake, hewa inapata joto, na gesi hurudi kuwa maji na kutoka nje tena kuanza safari upya. Firigo inayohifadhi vyakula vyetu hufanya vivyo hivyo: hutoa joto ndani ya sanduku na kulitupa nyuma yake.

Maarifa haya si mapya. Mwaka 1852 mtaalamu William Thomson, aliyeitwa baadaye Lord Kelvin, alieleza ya kuwa mashine ya namna hii yaweza kupasha nyumba joto. Na mwaka 1938 jumba la baraza la mji wa Zürich, katika nchi ya Uswisi, lilianza kupata joto lake kutoka maji ya mto Limmat kwa pampu kama hiyo.

Faida yake ni hii: kwa kipimo kimoja cha umeme, mashine nzuri huingiza nyumbani vipimo vitatu vya joto, na pengine zaidi, baridi isipokuwa kali. Baridi ikizidi sana faida hupungua, ikawa kama vipimo viwili au chini yake. Hata hivyo bado hupita heta ya kawaida ya umeme, ambayo hutoa kimoja kwa kimoja.

Sasa, msomaji mpendwa, shika neno moja, kwani ndilo ufunguo wa mengine yote: mashine hii huishi kwa hewa. Hewa nyingi sharti ipite ndani, na hewa nyingi sharti ipite nje. Ukiziba njia ya hewa, mashine hutumika kwa taabu, hula umeme mwingi, na mwishowe huharibika.

Kazi za mikono yako ndani ya nyumba

Ya kwanza ni chujio. Fungua kifuniko cha mbele cha mashine ya ukutani, utaona vyavu mbili nyembamba. Hizo huzuia vumbi. Zitoe kila mwezi katika majira ya baridi, na katika nyumba yenye watu wengi kila majuma mawili. Pangusa vumbi, zioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, uzikung'ute, uziache zikauke kabisa kivulini, kisha uzirudishe. Usizikaushe penye moto, kwani zitajikunja. Wala usiiwashe mashine bila vyavu hizo, hata kwa siku moja, kwani vumbi litaingia mpaka ndani mahali ambapo mkono wako haufiki.

Hapa yapasa tuseme jambo linalowahusu hasa mama zetu. Vyakula vyetu ni vitamu, lakini samaki wa kukaanga na mawese yanayochemka hutoa mvuke wa mafuta. Mvuke huo hupanda, huvutwa na mashine, hushika katika vyavu na katika feni ya ndani, kisha vumbi hung'ang'ania juu yake kama utomvu. Baada ya mwaka mmoja upepo huwa dhaifu na wenye harufu. Hatusemi mwache kupika chakula cha kwetu. La hasha! Washeni feni ya jikoni inayotoa moshi nje, fungeni mlango wa jiko, na osheni vyavu mara nyingi zaidi kuliko jirani.

Ya pili, usiweke kabati, pazia wala nguo za kukausha mbele ya mashine. Uyaelekeze mapezi yake chini, kwa sababu hewa ya moto hupenda kupanda. Ukiielekeza juu, dari itaota joto na watoto sakafuni wataganda.

Ya tatu ni kuamrisha kwa busara. Chagua alama ya joto, ambayo mara nyingi ni picha ya jua, wala si ile ya kujiamulia yenyewe, kwani katika siku za joto kidogo yaweza kugeuka na kuanza kupoza. Weka digrii 20 au 21, kisha uiache. Watu wengi hutoka asubuhi na kuizima, wakirudi jioni huipandisha mpaka 30 ili ifanye haraka. Mashine haifanyi haraka kwa hilo. Hutumika kwa nguvu zake zote katika saa zenye baridi zaidi, na umeme uliookolewa mchana huenda wote jioni. Pampu ya joto ni kama mwendaji wa safari ndefu: hufika kwa mwendo wa taratibu usiokatika.

Kazi za mikono yako nje ya nyumba

Katika mwezi wa Oktoba, kabla ya theluji, zunguka sanduku la nje. Ondoa majani makavu yaliyonaswa nyuma yake na chini yake. Kata matawi na nyasi, ili pawe na nafasi ya nusu mita au zaidi kila upande. Mapezi ya alumini ni laini kama karatasi. Ukiyasafisha, tumia brashi laini na maji yasiyo na nguvu. Tazama pia kama sanduku limesimama juu ya miguu ya chuma, au limetundikwa ukutani, juu kuliko theluji inavyojaa kwa kawaida mahali hapo. Likiwa chini mno, theluji italifukia, nayo maji yanayotoka chini yake hayatapata pa kwenda.

Inua macho utazame paa. Hili husahauliwa na wengi. Mfereji wa paa ukizibwa na majani, maji ya theluji inayoyeyuka mchana hudondoka juu ya mashine, na usiku hugeuka barafu juu ya mapezi na feni. Safisha mfereji huo, au umwombe mwenye nyumba autengeneze. Fundi aweza kuweka juu ya mashine kipaa kidogo cha kuikinga, kisichozuia hewa.

Kila mara theluji inapoanguka, toka uifagie mbele, nyuma na kando. Na usiifunike mashine kwa turubai au blanketi, hata kwa nia njema. Yuko mtu aliyeihurumia akisema: «Maskini, nayo yaona baridi!» Huruma hiyo ni sawa na kumziba mtu pua na mdomo ili asipigwe na upepo.

Barafu ya kawaida na barafu ya hatari

Sanduku la nje huwa baridi kuliko hewa, kwa hiyo unyevu hushika juu yake na kuganda kama unga mweupe. Hiyo ni hali ya kawaida, na mashine imefundishwa kujisaidia. Kila baada ya muda hugeuza mwendo wa gesi yake: feni ya nje husimama, upepo wa ndani hukoma, joto hupelekwa nje kwa dakika chache ili kuyeyusha barafu. Utasikia sauti kama ya mtu apumuaye kwa nguvu, na utaona mvuke mweupe ukipanda. Wageni wengi hufikiri mashine inawaka moto, wakaikata umeme. Usifanye hivyo. Ngoja robo ya saa. Itarudi kazini yenyewe.

Barafu ya hatari ni ile isiyoondoka. Ukiona sanduku zima limefungwa na barafu nene kwa saa mbili au tatu, au feni inasuguana na barafu kwa kelele, ujue kuna ugonjwa. Pengine maji ya paa yanadondoka; pengine theluji imeziba chini; pengine gesi imepungua, au kipimajoto cha mashine kimekufa, au vali inayogeuza mwendo wa gesi imekwama.

Hapo ufanye nini? Zima mashine kwa rimoti, kisha ukate umeme wake kwa swichi ya nje, ili feni isikukate vidole. Ondoa theluji laini kwa mkono wenye glovu au kwa fagio. Ikiwa hewa ya nje i karibu na sifuri, waweza kumwaga maji ya uvuguvugu polepole mpaka barafu iachie. Ikiwa baridi ni kali sana, maji yataganda tena juu ya barafu ya kwanza. Basi yaache, washa joto la akiba, umwite fundi. Maji yanayochemka usiyatumie kamwe. Na kisu, bisibisi, shoka au nyundo visikaribie hata kidogo. Nyuma ya barafu ile kuna mabomba membamba yenye gesi iliyoshindiliwa. Tundu moja dogo kama la sindano latosha kuitoa gesi yote, na mashine iliyokuwa na tatizo la maji ya paa sasa ina jeraha la kweli.

Mashine ikinyamaza

Usikimbilie simu kabla ya kuangalia mambo haya kwa utaratibu.

Kwanza, ngoja robo ya saa, kwani pengine inajiyeyushia barafu.

Pili, tazama rimoti: je, betri zake zina nguvu? Imeandikwa joto, au mtoto amebonyeza alama ya kupoza?

Tatu, tazama vyavu. Zikiziba kabisa, mashine yaweza kujizima ili isiungue.

Nne, nenda kwenye kisanduku cha umeme cha nyumba. Kama swichi ya mashine imeanguka, irudishe mara moja. Mara moja tu! Ikianguka tena, iache. Swichi hiyo inakuonya ya kuwa kuna hitilafu, na atakayeilazimisha aweza kuunguza nyumba.

Tano, tazama nje kama sanduku limefukiwa.

Sita, mashine nyingi huonyesha ugonjwa wao kwa taa zinazopepesa au kwa herufi na tarakimu. Ziandike kama zilivyo, pamoja na namba ya mashine iliyo kwenye kibao chake, umsomee fundi. Kwa namna hii aweza kuja na kifaa kinachohitajika, usilipe safari mbili.

Tena, kama umeme wa mji umekatika kwa saa nyingi katika baridi kali, mashine ikikawia kuanza usiilaumu. Aina nyingi hupasha kwanza mafuta yaliyo ndani ya kompresa. Ndiyo maana haifai kuikata umeme ovyo katika majira ya baridi.

Mpaka wa kazi yako

Mwenye hekima ajua mahali mkono wake unapokoma. Usifungue sanduku lenye nyaya. Ndani yake kuna vifaa vinavyohifadhi umeme hata baada ya swichi kuzimwa, navyo vyaweza kuua. Usifungue bomba la gesi. Katika Marekani sheria inataka agusaye gesi hizo awe na cheti, na hairuhusu kuiachilia gesi hewani kwa makusudi, kwa maana gesi nyingi za namna hii huongeza joto la dunia mara mamia na hata maelfu kuliko gesi ya kaboni itokayo katika moto. Nchi za Ulaya zina sheria za namna hiyo. Zaidi ya hayo, baadhi ya gesi mpya zaweza kushika moto.

Umwite fundi kila mwaka mmoja au miwili, afadhali kabla ya baridi. Ataosha feni ya ndani kwa undani, atapima mwendo wa gesi, atakaza nyaya, atafungua njia ya maji. Lakini umjue pia fundi asiye mwaminifu. Akisema: «Gesi imekwisha, nakuongezea», akaondoka, na mwaka ujao asema vile vile, umwulize swali moja: «Bwana, hiyo gesi imekwenda wapi?» Gesi hii haitumiki kama petroli ya motokaa, huzunguka ile ile tangu siku ya kwanza. Ikipungua, kuna mahali inapovuja. Kazi ya fundi ni kutafuta tundu na kuliziba kwanza. Umwombe aandike kila alichofanya, na uitunze karatasi hiyo pamoja na ya dhamana, kwa sababu wengine hukataa kutengeneza bure mashine isiyotunzwa.

Na kama umepanga, si wajibu wako kulipia ugonjwa wa mashine. Sheria ya jimbo la Maine yataka nyumba ya kupanga iwe na vyombo vinavyoweza kuipa joto la digrii 20 hata katika baridi kali sana. Mwambie mwenye nyumba upesi, kwa adabu na kwa maandishi, na uandike tarehe. Wageni wengi hunyamaza kwa hofu, wakisema: «Tutafukuzwa.» Kunyamaza hakumsaidii mtoto anayetetemeka.

Joto la akiba, na onyo moja kubwa

Penye baridi ya namna hii nyumba isitegemee chombo kimoja tu. Kama jiko la zamani la mafuta lingalipo, lisiondolewe. Heta ndogo ya umeme nayo yafaa kwa usiku mmoja, mradi iwe mbali na pazia na matandiko. Wakusanyeni watoto katika chumba kimoja, fungeni milango mingine. Acheni bomba la maji lidondoke kidogo, kwani maji yakiganda huongezeka ukubwa na kupasua mabomba.

Lakini sikilizeni vema neno hili, na ninyi mlio Kongo mwapigie simu watoto wenu kuwaambia. Kwetu, usiku ukiwa na baridi, tunakaa kando ya mbabula. Nyumba zetu nyingi zina nafasi chini ya bati na kwenye madirisha, na hata hivyo makaa hutuumiza vichwa. Nyumba za nchi za baridi zimezibwa kila ufa. Makaa yakiwaka ndani yake hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Watu hulala usingizi, wasiamke. Vivyo hivyo jiko la gesi lililoachwa wazi ili kupasha chumba, na jenereta iliyowashwa ndani au katika gereji. Mwezi wa Januari 1998 mvua ya barafu iliangusha nguzo na nyaya za umeme katika Maine na katika jimbo la Québec la Kanada. Nyumba nyingi zilikaa gizani siku nyingi, na baadhi ya watu walikufa kwa sumu hiyo walipokuwa wakitafuta joto. Jenereta na ikae nje, mita 6 au zaidi kutoka milango na madirisha, na kila nyumba iwe na king'ora cha kuonya sumu hiyo.

Turudi mlangoni

Sasa turudi kwa yule baba tuliyemwacha mlangoni. Mkewe amemfuata, mtoto mgongoni.

— Baba wa watoto, hiyo nyundo ya nini?

— Ya kuvunja barafu, mama.

— Na bomba je, utalivunja pia? Tafadhali, iweke chini. Tuangalie kwanza.

Baba anasimama, anafikiri, anaiweka nyundo. Anazima mashine, kisha anainua taa na kumulika paa. Hapo anauona mfereji umejaa majani ya mwezi wa Oktoba, na kinundu cha barafu kimening'inia kutoka mferejini mpaka juu ya mashine. Anaelewa. Hakika, asiyeziba ufa hujenga ukuta. Anaingia ndani, anawasha heta ndogo, wanawalaza watoto wote chumba kimoja, na kulipopambazuka anampigia simu mwenye nyumba, halafu fundi. Mchana fundi anaiyeyusha barafu, anapima gesi, anakuta haikupungua hata kidogo. Feni inazunguka tena. Jumamosi ifuatayo baba anapanda ngazi na kuusafisha mfereji kwa mikono yake mwenyewe.

Nyundo ingalimaliza kazi kwa dakika moja, na pamoja nayo mashine yenyewe. Subira ya usiku mmoja imeiokoa. Ninyi mlio katika nchi za theluji, osheni vyavu, fagieni theluji, tazameni paa kabla ya baridi, na kazi ya fundi mwachieni fundi. Nanyi mlio nyumbani, mnapozungumza na watoto wenu kwa simu, msiwaulize tu kama wamekula. Waulizeni pia: «Vyavu vya mashine umeviosha lini?» Watacheka, lakini watakwenda kutazama.